Machicha ya Matunda ni Chakula cha Mbuzi, Lakini ni ya Nani?



Kila aliyepata kufanya kazi katika kiwanda cha kukamua matunda anajua kwamba kiwanda kina milango miwili. Kwa mlango wa mbele hutoka chupa, pakiti na makopo, nayo huhesabiwa na kuandikwa kitabuni. Kwa mlango wa nyuma hutoka maganda, kokwa na machicha, nayo hayana karani. Trekta huyavuta hadi shimoni. Baada ya siku mbili nzi wamejaa, maji makali yenye kunuka yanatiririka kuelekea kinamasi, na majirani wamekwenda kulalamika kwa mwenyekiti wao.

Leo twataka kusema juu ya mlango huo wa nyuma, kwa kuwa vitu vinavyopita hapo ni vingi kuliko wengi wanavyodhani. Chungwa likikamuliwa, karibu nusu ya uzito wake hubaki kuwa ganda, nyama na mbegu. Tani kumi zikiingia asubuhi, tani tano hivi zitatoka nyuma kabla ya jua kuzama. Nanasi linalotiwa koponi huacha nusu yake au zaidi. Mizigo hiyo yote ilipaliliwa, ikachumwa, ikabebwa na kuoshwa kwa mikono ya wafanyakazi, kisha ikalipiwa mafuta ya trekta ili ikatupwe.

Chukueni mfano wa Teso, mashariki ya Uganda. Watu wa huko walikuwa wafugaji wa ng'ombe tangu zamani. Kuanzia mwaka 1986 na miaka iliyofuata, wezi wa mifugo pamoja na vita vya ndani waliwamalizia karibu ng'ombe wote, hata wale wa kulimia. Baadaye wakulima wengi walipanda michungwa, na mwezi wa Aprili 2019 kiwanda cha matunda cha Soroti, kilichojengwa kwa msaada wa Korea ya Kusini, kilifunguliwa rasmi ili kikamue machungwa na maembe. Basi hapo michungwa, kiwanda na watu wenye maarifa ya mifugo wako mahali pamoja. Na mtu aliyepoteza ng'ombe huanza tena kwa mbuzi, maana mbuzi bei yake yapatikana, huzaa upesi, na siku karo ya shule inapodaiwa huuzika bila kuita dalali. Tunayoyasema hapa hayahusu Soroti peke yake, bali kila mahali panapokamuliwa tunda, na kila shamba linalolilisha kiwanda hicho.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Mbuzi hucheua. Tumbo lake lina vyumba vinne, na katika kile kikubwa mnaishi vijidudu vingi mno visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo ndivyo vinavyoivunja nyasi na ganda na kuvigeuza kuwa nguvu. Kwa ajili hiyo kitu ambacho binadamu hawezi kukila, kama ganda la chungwa, kwa mbuzi ni chakula halisi. Machicha ya machungwa yaliyokaushwa hukaribia mahindi kwa nguvu yanayompa mnyama. Wenye viwanda vya chakula cha mifugo katika nchi za ng'ambo walilijua jambo hilo zamani, na tutalirudia mbele.

Lakini tusidanganyane. Ganda lina nguvu, halina protini ya kutosha. Ukiondoa maji, machicha ya machungwa yana protini kiasi cha asilimia 6 au 7 tu, na mwanambuzi anayekua ahitaji karibu mara mbili ya hiyo. Anayemlisha mbuzi maganda matupu atamwona amejaa tumbo na mgongo wake umebaki mifupa. Hapana budi kuongeza majani yenye protini: majani ya karanga baada ya mavuno, mashina ya viazi vitamu, matawi ya lukina au kaliandra yaliyopandwa mpakani mwa shamba, au mashudu ya pamba na ya alizeti kwa mwenye uwezo. Kadhalika ganda la chungwa lina chokaa nyingi na fosforasi kidogo, kwa hiyo jiwe la chumvi lenye madini liwepo zizini siku zote, na maji safi vilevile.

Sasa kipimo. Mbuzi wa kilo 30 hula kiasi cha kilo moja ya chakula kikavu kwa siku. Theluthi moja ya chakula hicho yaweza kuwa machicha ya matunda, na iliyobaki iwe nyasi na majani. Kwa kuwa machicha mabichi ni maji kwa asilimia 80 hivi, theluthi hiyo ni sawa na kilo moja na nusu ya machicha yanavyotoka kiwandani. Fanyeni hesabu wenyewe: tani moja inayomwagwa shimoni ingetosha mbuzi 20 kwa mwezi mmoja na siku chache. Na tani moja, kwa kiwanda cha kadiri, ni kazi ya muda mfupi tu.

Hatari zipo, na twataka zijulikane kabla mtu hajajaza gunia la kwanza. Kubwa ni haraka. Mbuzi aliyezoea nyasi, akiachiwa lundo la maganda matamu siku moja, vijidudu vya tumboni hupatwa na sukari nyingi kupita kiasi na kufanya asidi. Mnyama huacha kucheua, tumbo huvimba, huhara, hulala chini, na kesho yake huenda amekwisha kufa. Watu husema amerogwa au amelishwa sumu na jirani. Hakurogwa. Aanze na konzi moja kwa siku, baada ya kula nyasi na wala si kabla, na aongezewe kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili hadi tatu. Mbuzi asiye na nyasi ya kutafuna asipewe machicha kabisa.

Tena kuna ukungu. Ganda lenye ukungu wa kijani au mweusi lisilishwe, wala usiondoe sehemu iliyooza ukadhani umeokoa iliyobaki, maana sumu ya ukungu hupenya mbali kuliko rangi yake. Kokwa za embe zitolewe, kwani mbuzi huweza kukabwa nazo. Misumari, vipande vya plastiki na visu vilivyovunjika ambavyo hufagiliwa pamoja na maganda vimeua wanyama wengi. Ndiyo sababu twasema kiwanda kikikubali kutoa machicha, yawe na pipa lake, mbali na takataka za karakana. Na dawa za shambani hubaki juu ya ganda, si ndani ya maji ya tunda. Mfanyakazi wa shamba ndiye anayejua mti ulipigwa dawa lini na kama siku za kungoja kabla ya kuchuma zilitimizwa. Aliye kiwandani hajui, wala mbuzi hajui. Hapa wa shamba na wa kiwanda wahitaji kuambiana, na hilo ni faida kwa mapafu yao wenyewe kabla halijawa faida kwa mbuzi.

Matunda yenyewe hayafanani. Nanasi lina sukari na ukali kuliko chungwa na huchacha upesi mno. Bora lisindikwe kabla ya kulishwa. Ganda la embe ni tamu, lataka kipimo kile kile. Maganda ya ndizi watu wa Kampala hawahitaji kufundishwa na sisi. Majirani zetu wa Mtwara na Lindi wana mabibo, ambayo kila msimu huanguka chini ya mikorosho kwa wingi baada ya korosho kutolewa, na uzito wa bibo moja ni mara kadhaa ya uzito wa korosho yake.

Shida kuu ya machicha ni kwamba hayangoji. Katika joto letu, yaliyotoka kiwandani Jumatatu yamechacha Jumatano. Msimu nao huja wote kwa mara moja, kisha kiwanda kinanyamaza, na wakati huo ndio wa kiangazi, nyasi zimekauka na mbuzi wanalia. Kwa hiyo asiyejua kuhifadhi atakuwa na chakula kingi wakati asiokihitaji.

Njia rahisi ni kusindika ndani ya pipa la plastiki la lita 200 lenye mfuniko. Pipa la chuma halifai, kwa sababu asidi ya matunda hulila. Chukua sehemu nne za machicha kwa uzito, na sehemu moja ya mabua makavu ya mahindi au nyasi kavu iliyokatwakatwa vipande vifupi kama kidole. Mabua hunyonya maji ambayo yangetoka na kupotea pamoja na utamu wake. Changanya vizuri, tia pipani tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka likanyagwe kwa miguu iliyooshwa mpaka hewa itoke. Hewa ndiyo adui. Likijaa, funika kwa karatasi ya nailoni, weka mawe juu, funga. Sukari haina haja ya kuongezwa, imo tayari. Baada ya wiki tatu au nne fungua. Likiwa na harufu ya uchachu mzuri kama wa maziwa mala, ni zuri, na likifungwa vema hukaa miezi. Likiwa jeusi, la utelezi na lenye kunuka kama mzoga, limwage, wala usilisikitikie. Kila siku toa tabaka la juu kisha ufunike tena. Mwenye mbuzi wa maziwa ampe baada ya kukamua, si kabla, ili harufu isiingie katika maziwa.

Njia ya pili ni kukausha juani. Maganda hukatwa membamba, hutandazwa juu ya turubai au bati, na hugeuzwa mara kwa mara mpaka yavunjike yakikunjwa. Kwa machungwa kazi hii ni ngumu kidogo, kwa kuwa ndani ya ganda mna kitu kiitwacho pektini kinachoshika maji kama sponji. Viwanda vikubwa huongeza chokaa kidogo, chini ya nusu kilo kwa kila kilo mia, na chokaa hiyo huivunja pektini hata maji yakamwagika yanapokamuliwa. Lakini sikilizeni habari ya mwaka 1998. Brazili, ambayo huuza machicha makavu ya machungwa kwa wingi huko Ulaya, ilipeleka shehena zilizokuwa na sumu ya dioksini. Sumu ilionekana kwanza katika maziwa ya ng'ombe wa Ujerumani. Walipofuatilia nyuma wakakuta haikutoka katika machungwa. Ilitoka katika chokaa, ambayo ilikuwa mabaki ya kiwanda cha kemikali. Kwa hiyo mtu akija na chokaa ya bure asiyoweza kueleza imetoka wapi, akapake nayo ukuta wake mwenyewe.

Habari hiyo ya Brazili yatuleta kwenye jambo linalotufanya tuandike katika ukurasa huu wa chama badala ya kumwachia bwana mifugo. Machicha ya machungwa hayakuanza kuuzwa Ulaya kwa bahati. Huko Florida, Marekani, miaka ya 1930, viwanda vya machungwa vilikuwa na malundo ya maganda ambayo havikujua pa kuyapeleka. Ilipogunduliwa namna ya kuyakausha kwa chokaa, takataka ile ile ikawa bidhaa yenye bei, na ng'ombe wakanenepa kwayo. Katika kisiwa cha Mindanao, Ufilipino, machicha ya mananasi ya kiwanda yalinenepesha ng'ombe wa kampuni yenyewe. Hapa kwetu tumeyaona hayo hayo kwa kipimo kidogo. Machicha ya bia huuzwa kwa wafugaji. Maganda ya matoke, ambayo katika masoko ya Kampala yalikuwa uchafu wa kuondolewa, leo hutiwa magunia na gunia lina bei yake.

Mwaona mwendo wake. Kitu huwa takataka mpaka siku mtu aonyeshe kuwa ni mali. Siku hiyo hupata mlinzi, mzani na risiti. Mfanyakazi aliyekuwa akibeba debe la maganda jioni bila kuulizwa, kesho yake husimamishwa langoni kwa wizi wa mali ya kampuni. Wenzetu wengi hupoteza kazi kwa vitu vidogo namna hiyo, nao hawana karatasi ya kuonyesha kwamba waliruhusiwa, kwa sababu ruhusa ilikuwa ya mdomo, ya nyapara aliyekwisha hamishwa.

Kwa hiyo twaona machicha yaandikwe katika mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri, mapema, wakati bado mwajiri anayalipia ili yatupwe. Sheria ya vyama vya wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kujadiliana na mwajiri kwa pamoja, na hakuna panaposema kwamba mazungumzo ni ya mshahara na likizo tu. Mwajiri naye ana faida yake, na wajumbe wetu wasione haya kumwonyesha: mafuta ya trekta hupungua, shimo halijai, na malalamiko ya kinamasi hupoa. Aliyebanwa na wakaguzi wa mazingira atasikiliza upesi kuliko yule wa kuombwa fadhila.

Hata hivyo tuchunge sana mtego mmoja. Mwajiri mjanja atasema: nawapa chakula cha mifugo, basi nyongeza ya mshahara ingoje mwakani. Jibu liwe tayari. Mapatano Namba 95 ya Shirika la Kazi Duniani, ya mwaka 1949, yanasema mshahara wa fedha ulipwe kwa fedha halali. Malipo ya vitu yaweza kuwa sehemu tu, pale sheria inaporuhusu, na kwa thamani ya haki. Katika nchi ambayo kima cha chini cha shilingi 6,000 kwa mwezi kiliwekwa mwaka 1984, na mswada wa kukibadili uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukutiwa saini na Rais, hatuwezi kuruhusu hata kilo moja ya maganda ihesabiwe badala ya shilingi. Machicha yaandikwe katika sura yake, mbali na sura ya mishahara.

Swali la nani apate nalo si jepesi. Vibarua wa msimu ndio wengi viwandani, na wengi wao ni akina mama wanaosimama kwenye meza za kuchagua matunda. Ikiwa machicha yatagawiwa wenye kazi ya kudumu tu, tutakuwa tumetengeneza tabaka letu wenyewe la mabwana wadogo. Wa mashambani nao walilima tunda hilo, lakini wakaa mbali na kiwanda, na mashamba mengine hukataza mifugo katika kambi za wafanyakazi. Lori lile lile linaloleta machungwa hurudi shambani tupu. Laweza kurudi na mapipa. Na penye katazo la mifugo kambini, zizi la pamoja nje ya kambi, lenye mtu wa kulitunza kwa zamu na daftari la kila mbuzi na mwenyewe, ni jambo la kujadiliwa na meneja kabla ya mtu kuanza kuficha wanambuzi jikoni. Twajua wanafichwa.

Jambo la mwisho kwa kamati za matawi zitakazolichukua shauri hili. Anzeni na pipa moja na mbuzi watano wa mwanachama anayekubali, muwapime uzito kila wiki mbili kwa mzani wa kuning'iniza, na muandike walichokula. Mkienda mezani na daftari lenye tarehe na kilo, mazungumzo huwa mafupi. Mapipa yawe yale yaliyokuwa na mafuta ya kupikia au maji ya matunda. Yaliyokuja na dawa za kupulizia shambani yasitumiwe hata yakioshwa mara kumi, wala yasipelekwe nyumbani kwa kuwekea maji.